Mezani kwa Daktari Tulp

Jengo la Waag limesimama peke yake katikati ya uwanja wa Nieuwmarkt, Amsterdam, na minara yake iliyochongoka inaonekana tangu ukiwa mbali. Lilianza likiwa lango la mji mwaka 1488. Mji ulipokua ukalipita, ukuta ukabomolewa, lango likabaki, na mwanzoni mwa karne ya 17 likageuzwa kuwa nyumba ya mizani ambako bidhaa zilipimwa kabla ya kuuzwa. Ghorofani walipewa nafasi mafundi wa vyama mbalimbali: wahunzi, waashi, wachoraji na wapasuaji. Kila chama kilikuwa na mlango wake, na juu ya mlango wa wapasuaji yapo mpaka leo maandishi ya Kilatini yanayoutangaza ukumbi wa anatomia. Siku niliyofika, watu walikuwa wamekaa nje wakinywa kahawa, na baiskeli zimeegemezwa kila mahali. Sikumwona hata mtu mmoja aliyeinua macho kuusoma mlango ule.

Mimi nilikuwa nimeufuata huo. Tangu ujana wangu nimekuwa nikikutana na picha ya Daktari Tulp na wanafunzi wake, mara kwenye kalenda ya duka la dawa, mara kwenye jalada la kitabu cha biolojia. Nilitaka kuifuata kutoka nyumba ilikotundikwa kwanza mpaka nyumba iliko sasa, na njiani nijue ni watu gani walioilipia, na kwa nini.

Wapasuaji wa Amsterdam wa karne ya 17 hawakuwa madaktari kwa maana tunayoijua. Daktari alisoma chuo kikuu, alijua Kilatini, na kazi yake ilikuwa kutafakari ugonjwa na kuandika dawa. Mpasuaji alijifunza kwa fundi mkuu, miaka kadhaa ya utumishi, akaunga mifupa, akafunga vidonda, akang'oa meno, akatoa damu. Zamani zaidi walikuwa chama kimoja na mafundi wa kuchonga mitalawanda, na walipojitenga walitaka sana kuonekana watu wa elimu. Mji ukawateulia daktari wa kuwafundisha anatomia, na wao wakaanza desturi ya kuchorwa pamoja naye. Aert Pietersz alimaliza picha ya kwanza mwaka 1603, ya zaidi ya watu ishirini wamejibana kuizunguka maiti, na kila mmoja sura yake inatambulikana kwa sababu kila mmoja alilipia nafasi yake. Desturi hiyo ikaendelea kwa zaidi ya karne moja na nusu. Kizazi baada ya kizazi kilitundika picha yake kwenye chumba cha chama, mpaka chama chenyewe kilipovunjwa mwaka 1798.

Somo la hadhara lilifanywa mara moja kwa mwaka, na lilifanywa wakati wa baridi. Sababu ni rahisi: hapakuwa na dawa ya kuhifadhi maiti, na hali ya hewa ndiyo iliyowapa siku chache za kufanya kazi kabla mwili haujaharibika. Mwili ulikuwa wa mhalifu aliyenyongwa. Watazamaji walilipa kiingilio, wakakaa kwa daraja, waheshimiwa mbele. Ukumbi wa mduara unaoonekana leo katika Waag, wenye nembo za wapasuaji zilizochorwa kwenye kuba, ulijengwa mwaka 1691, miaka mingi baada ya Tulp, mmoja wa madaktari hao wa kuwafundisha wapasuaji, kustaafu. Lakini kazi ilikuwa ileile.

Kutoka Nieuwmarkt nilitembea kwa miguu dakika chache tu mpaka mtaa wa Jodenbreestraat, kwenye nyumba ambayo Rembrandt, aliyeichora picha ya Tulp, aliinunua mwaka 1639 na kuipoteza kwa madeni. Nyumba ni jumba la makumbusho sasa. Watafiti waliopekua daftari za ndoa na ubatizo za Amsterdam wamethibitisha jambo linalonigusa: kuzunguka mtaa huu, wakati Rembrandt akiishi hapa, palikuwa na jamii ya Waafrika huru, mabaharia, askari na watumishi, waliooana, wakapangisha vyumba pamoja na kusimamiana kwenye ubatizo wa watoto wao. Mchoraji alipishana nao barabarani. Nitawarudia baadaye.

Picha yenyewe haiko tena Amsterdam. Ukipanda treni kutoka stesheni kuu, chini ya saa moja unashuka Den Haag, mji ambao wasomaji wa Kenya wanaujua zaidi kwa jina la The Hague kwa sababu ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Kwenye stesheni alinipokea mpwa wangu, anayesomea udaktari huko Uholanzi, akaniamkia "Shikamoo mjomba" kwa sauti iliyowafanya Waholanzi wawili wageuke. Tukatembea mpaka kwenye bwawa la Hofvijver. Upande mmoja ni majengo ya bunge, yaliyozungukwa na uzio wa mafundi wanaoyakarabati. Kando yake, ukingoni kabisa mwa maji, kuna nyumba isiyo kubwa, iliyonyooka na kupangika kila upande. Hiyo ndiyo Mauritshuis.

Siwezi kupita mlangoni pake bila kueleza ni nyumba ya nani. Ilijengwa kati ya 1633 na 1644 kwa ajili ya Johan Maurits, bwana wa ukoo wa Nassau, ambaye Kampuni ya Kiholanzi ya West Indies ilimtuma Brazil mwaka 1636 kuwa gavana. Mashamba ya miwa yalihitaji watu wa kuyalima, na watu hao walitekwa Afrika. Mwaka 1637 Johan Maurits alituma merikebu zikaiteka ngome ya Elmina, katika Ghana ya leo. Mwaka 1641 zikaiteka Luanda. Nia ilikuwa kuikamata biashara ya watumwa kwenye chanzo chake. Watu wa Den Haag wenyewe waliiita nyumba hii nyumba ya sukari. Miaka ya karibuni jumba hili limeanza kuyasema hayo waziwazi, na mwaka 2019 liliandaa maonyesho yaliyomchunguza Johan Maurits na fedha zake. Nasema heri wamesema. Mtu anayetoka pwani yetu, ambako ngome na magofu ya soko la watumwa ni sehemu ya mandhari ya kila siku, anaingia humu akijua anakanyaga wapi.

Picha ya Tulp ina upana wa zaidi ya mita mbili na urefu wa karibu mita moja na sabini. Nakala za vitabuni hazikuandai kwa hilo. Watu wale ni wakubwa karibu sawa na wewe, na maiti imelala kwenye usawa wa mikono yako. Rembrandt alikuwa na umri wa miaka 25, amehamia Amsterdam hivi karibuni kutoka Leiden, na hii ilikuwa nafasi yake ya kwanza kuwachora kwa pamoja watu wenye majina. Waliomtangulia waliwapanga wapasuaji safu kwa safu, wote wametazama mbele. Yeye aliwapa jambo la kufanya. Mmoja ameinama kabisa, shingo imenyooka, anataka kuona. Mwingine amesita. Aliye juu ya wote anatutazama sisi. Nicolaes Tulp peke yake ndiye aliyevaa kofia, na yeye peke yake hana haja ya kumtazama mtu yeyote.

Mkono wa kushoto wa maiti umefunguliwa kuanzia kwenye kiwiko mpaka kwenye kiganja. Kwa mkono wake wa kulia Tulp ameshika koleo dogo, na kwa koleo hilo ameinua misuli inayokunja vidole. Sasa tazama mkono wake wa kushoto. Ameuinua hewani, vidole vimejikunja kidogo. Anawaonyesha kile ambacho misuli ile inafanya inapokuwa hai. Nilikuwa nimeitazama picha hii miaka yote nikidhani anapunga mkono kama wahubiri wafanyavyo, na ni mpwa wangu aliyenifungua macho. Alinishika mkono pale pale mbele ya picha, akakunja mkono wa shati langu, akabonyeza kwa vidole viwili chini kidogo ya kiwiko.

"Kunja vidole, mjomba. Kimoja kimoja."

Nikakunja.

"Unasikia inavyocheza hapa? Sasa angalia kwenye kifundo, kano zinavyopanda na kushuka. Ndiyo hiyo aliyoishika."

Mlinzi wa chumba alitutazama, akaona hatuikaribii picha, akatuacha. Nilikunja na kukunjua vidole, nikatazama ngozi yangu, nikatazama uzi ule mwekundu kwenye koleo la Tulp. Kazi hiyo ya mkono ndiyo ninayoandika kwayo. Nakiri sijapata kuelewa mwili wangu kwa namna hiyo darasani.

Mpwa wangu alinieleza pia kwamba katika somo la kweli wangeanza na tumbo, kwa kuwa ndilo linaloharibika mapema. Hapa tumbo limefungwa, na mkono ndio uliofunguliwa. Wengi waliosoma historia ya tiba wanaona Tulp alitaka kufananishwa na Andreas Vesalius, baba wa anatomia ya kisasa, ambaye katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1543 alichorwa akiwa ameshika mkono uliopasuliwa. Sina ubishi na hilo. Lakini kwa wapasuaji waliosimama pale, mkono ulikuwa na maana ya karibu zaidi: ndicho chombo chao cha kazi, na ndicho kilichowatenganisha na madaktari wa Kilatini.

Mmoja wao, Hartman Hartmanszoon, ameshika karatasi. Hapo awali ilikuwa na mchoro wa mwili. Baadaye mtu mwingine akaandika juu yake orodha ya majina ya wote waliochorwa: Tulp, Jacob Blok, Hartmanszoon mwenyewe, Adriaen Slabraen, Jacob de Wit, Mathijs Calkoen, Jacob Koolvelt, Frans van Loenen. Chama kiliona vibaya sura zake zisahauliwe, na kikafanya lililo ndani ya uwezo wake. Ni orodha ya watu wanane. Waliomo kwenye picha ni tisa.

Wa tisa aliitwa Adriaan Adriaanszoon, na mitaani alijulikana kama Aris Kindt. Tunamjua kwa sababu mahakama ilimwandika. Alikuwa mtu wa Leiden, mji mmoja na Rembrandt, mwizi aliyekwisha kuadhibiwa mara nyingi. Kosa lake la mwisho lilikuwa kumshambulia mtu ili ampore joho lake. Alinyongwa Amsterdam tarehe 31 Januari 1632, na mwili wake ukakabidhiwa chama cha wapasuaji. Hakuna aliyemwomba idhini, wala yeye hakulipia nafasi yake.

Nilisimama upande wa miguu yake kwa muda mrefu. Nyayo ziko gizani. Nuru yote inaingia kutoka kushoto, inapiga nyuso za wapasuaji na kosi zao nyeupe, inamwagika juu ya kifua chake, kisha inakatika. Nusu ya juu ya uso wake imefunikwa na kivuli cha mtu aliyeinama, mdomo uko wazi kidogo. Katika picha za waliotangulia, maiti ilikuwa kifaa tu, na mara nyingine uso wake ulifunikwa kitambaa au kuzibwa na mtu. Rembrandt alimpa uso, na akauweka mahali ambapo hakuna anayeweza kuuepuka. Chama hakikumtuma kufanya hivyo. Kwangu mimi hapo ndipo kijana wa miaka 25 alipowazidi wote waliomtangulia, na wengi waliomfuata.

Tulp mwenyewe hakuwa mtu mbaya, na haki inanitaka niseme hivyo. Alisimamia kuandikwa kwa mwongozo wa kwanza wa dawa wa mji wa Amsterdam mwaka 1636, ili wauza dawa waache kuchanganya walivyotaka. Alikuwa meya mara nne. Mwaka 1641 alichapisha kitabu cha visa vya wagonjwa wake, na humo, katikati ya vidonda na mawe ya kibofu, ameeleza kwa makini mnyama aliyeletwa kutoka Angola na kupewa mtawala wa Uholanzi, sokwe ambaye Wazungu wa kaskazini walikuwa hawajapata kumwona kwa karibu. Mwaka huohuo Luanda ilitekwa. Elimu na merikebu zilisafiri kwa njia moja.

Kuhusu picha ilivyotoka mikononi mwa wapasuaji, kisa chake ni cha heshima kuliko vingi. Chama kilipovunjwa, picha zilibaki mali ya mfuko wa wajane wa wapasuaji. Mfuko ukakauka, na mwaka 1828 wasimamizi wakaamua kuiuza ya Tulp ili wajane wale wapate kula. Mfalme Willem wa Kwanza akaizuia isiende mnadani, akainunua kwa gilda 32,000 na kuipeleka Mauritshuis.

Nyingine zilibaki Amsterdam na sasa ziko chini ya makumbusho ya mji. Ziko za Frederik Ruysch, mtaalamu mkubwa wa kuhifadhi miili, mojawapo ikimwonyesha na maiti ya mtoto mchanga. Hiyo sikuitazama sana hata kwenye kitabu. Lakini ipo moja ambayo ningetamani itundikwe ukuta mmoja na ya Tulp. Mwaka 1656 Rembrandt aliitwa tena na chama, safari hii amchore Daktari Jan Deijman, aliyechukua nafasi ya Tulp. Maiti ni ya Joris Fonteyn, mwizi mwingine aliyenyongwa. Mwaka 1723 moto ulizuka ukala sehemu kubwa ya turubai. Kipande kilichosalia kinamwonyesha Fonteyn mzima, nyayo zimekuelekea, tumbo wazi, ubongo umefunuliwa. Nyuma yake imebaki mikono miwili ya Deijman ikifanya kazi. Kichwa cha daktari kiliungua. Pembeni yupo msaidizi, Gijsbert Calkoen, mtoto wa yule Mathijs Calkoen wa picha ya kwanza, ameshika bakuli la fuvu la marehemu mkononi. Wapasuaji waliolipa wamepotea karibu wote, na mwizi amebaki.

Kabla ya kuondoka Mauritshuis, mpwa wangu alinipeleka kwenye picha ndogo ya mwaka 1661, pia ya Rembrandt. Ni Waafrika wawili. Mmoja amevaa vazi la kizamani, joho begani. Mwenzake amesogea nyuma yake, kichwa karibu na bega la rafiki. Hawajapewa trei ya matunda wala mwavuli wa kumshikia bibi tajiri, kama Mwafrika alivyozoeleka kuwekwa katika picha za siku hizo. Wako wao wenyewe tu, wamechoka kidogo, na mchoraji amewatazama kwa adabu. Yumkini walikuwa watu wa ule mtaa wa Jodenbreestraat. Majina yao hayajulikani.

"Mwizi tunamjua jina," mpwa wangu alisema, "na hawa hatuwajui."

Tulikaa kwenye benchi. Nikamuuliza kuhusu mwili aliojifunzia yeye, mwaka wake wa kwanza. Akaniambia Uholanzi miili ya kufundishia hutolewa na watu wenyewe, kwa wosia waliouandika wangali hai, na wao wanafunzi walielezwa hivyo kabla ya kushika kisu. Nikamkumbuka rafiki yangu wa zamani, daktari aliyesomea huku kwetu, aliyeniambia kwamba mwili waliopangiwa kundi lao ulikuwa na namba iliyofungwa kwenye kidole cha mguu, basi. Alikuwa mzee mmoja aliyefia hospitalini, na hakuna ndugu aliyejitokeza kumdai. Walimsoma mwaka mzima. Rafiki yangu alisema alifahamu kovu la goti lake na kucha zake kuliko alivyofahamu za baba yake mzazi, na hajui mpaka leo aliitwa nani.

Huo ndio utaratibu wa vyuo vingi vya tiba barani Afrika: miili isiyodaiwa. Haukubuniwa kwetu. Sheria ya Anatomia ya Uingereza ya mwaka 1832, miaka 200 kamili baada ya Aris Kindt, ndiyo iliyohamisha mzigo kutoka kwa walionyongwa kwenda kwa maskini waliofia kwenye nyumba za hifadhi bila ndugu, na mawazo yake yakasafiri na utawala wa kikoloni. Kenya mpaka leo ina Sheria yake ya Anatomia. Sidai vyuo vifunge vyumba vya anatomia. Daktari asiyejua njia ya mshipa atauua mkono wangu huu. Ninachodai ni kidogo zaidi, na hakihitaji fedha.

Zipo nchi zilizokwisha kuonyesha njia. Thailand wanafunzi wa udaktari humwita mtu waliyejifunzia kwa mwili wake mwalimu mkuu, hujua jina lake, na somo likiisha humfanyia mazishi pamoja na ndugu zake. Kwetu, ambako mazishi ni jambo la mtaa mzima na hakuna anayekubali kuzikwa kama asiye na watu, lingekuwa jambo la kawaida kuliko mahali pengine popote.

Vyuo vyetu vya tiba vinazidi kukua, na kumbi zake zinaanza kutundika picha za waanzilishi, wakuu wa vyuo na maprofesa wa kwanza. Zitundikwe, wamestahili. Ila kila chuo kifungue pia daftari moja, liandikwe jina la kila aliyelala mezani pale jina linapojulikana, na tarehe na mahali alipofia pale lisipojulikana, na mara moja kwa mwaka, somo likiisha, wanafunzi wasimame, shehe na padri waombe dua, na majina yasomwe kwa sauti.